Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Nje: mkopo wa Takahashi na hadithi ya "pesa za Wayahudi"

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, naishi Tanga. Sikuandikii kuomba jambo langu binafsi: si kiwanja, si uteuzi, wala si pensheni, ambayo ni ya wizara nyingine na ina barua yake.

Nakuandikia kwa sababu ya maneno niliyoyasikia mwaka jana kwenye semina ya wafanyabiashara wadogo hapa mkoani. Mtoa mada alikuwa afisa wa serikali, si wa wizara yako, na sitamtaja. Alipofika kwenye mada ya mitaji ya kutoka nje, akaweka kalamu chini, akasogea mbele ya meza kama mtu anayetaka kutoa siri. "Ndugu zangu," akasema, "dunia hii ina wenyewe. Mkitaka Washington iwasikilize, piteni kwa Wayahudi. Wale ndio wenye pesa. Tukielewana na Israel, milango ya Marekani itafunguka yenyewe." Ukumbi ukapiga makofi.

Pembeni yangu alikaa mzee mmoja wa Kihindi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu ninayemfahamu tangu nilipokuwa nanunua kwake chaki za shule kwa mkopo, enzi akiuza chaki. Hakupiga makofi. Alikuwa akiikunja ratiba ya semina, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama stempu. Tulipotoka kwenda kunywa chai aliniambia kwa sauti ya chini: "Mwalimu, maneno haya nayajua. Ila mara ya mwisho kuyasikia, jina lilikuwa letu."

Nimetafakari sana kauli ile, na nimeona si uungwana kuimaliza kwa kunung'unika kijiweni. Afisa yule hakuwa na chuki. Alikuwa anasifia. Lakini nchi zilizowahi kupanga mambo yao ya nje kwa sifa ya namna ile zipo, na hesabu zao zinajulikana. Ruhusa yako, nikusimulie moja kwa urefu.

Februari 1904 Japani iliingia vitani na Urusi. Ilikuwa na jeshi zuri na hazina nyembamba. Ikamtuma makamu gavana wa benki kuu yake, Takahashi Korekiyo, akatafute pauni milioni 10 ng'ambo. Huyu Takahashi hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi, maana alikwisha kudanganywa mapema: akiwa bado mtoto alipelekwa California kusoma, akajikuta ametia saini karatasi iliyomgeuza mtumishi wa nyumbani asiyeweza kuondoka. Alizijua karatasi.

New York hakupata kitu. London mabenki yakamzungusha majuma kadhaa, mwisho yakakubali nusu tu, pauni milioni 5. Basi akaalikwa chakula cha usiku, na kwenye meza akakalishwa jirani na mgeni aliyetoka Marekani, ambaye alimuuliza maswali mfululizo kuhusu uchumi wa Japani na wananchi wanaionaje vita. Siku ya pili ikaja habari kwamba mgeni yule atazichukua zile milioni 5 zilizobaki na kuziuza Marekani kama hatifungani, yaani hati za kuikopesha serikali kwa riba. Mgeni alikuwa Jacob Schiff, mkuu wa benki ya Kuhn, Loeb ya New York, Myahudi mzaliwa wa Frankfurt.

Kwa nini alikubali? Sababu yake ya moyoni hakuificha. Aprili 1903, katika mji wa Kishinev uliokuwa chini ya Urusi, umati uliwavamia Wayahudi majumbani mwao ukaua watu 49, na serikali ya Tsar, mfalme wa Urusi, ikaangalia pembeni. Schiff aliichukia serikali ile kwa dhati. Lakini alikuwa pia mwenye benki, na hapa ndipo watu wa semina huruka kurasa. Hatifungani zile zilitoa riba ya asilimia 6, zikawekewa rehani mapato ya ushuru wa forodha wa Japani, na kila ya pauni 100 iliuzwa kwa pauni 93 na nusu. Uingereza ilikuwa na mkataba wa urafiki na Japani tangu 1902. Tena Mei 1 Wajapani wakawapiga Warusi kwenye Mto Yalu, siku chache kabla mauzo hayajafunguliwa. Wanunuzi wakapigana vikumbo London na New York. Angalia hapo, Mheshimiwa: waliotoa pesa ni wanunuzi wa hatifungani, watu wa kila dini, waliotaka asilimia 6. Schiff aliuza.

Mpaka vita inaisha, Japani ilikuwa imekopa nje pauni milioni 82 kwa mikupuo minne, na karibu nusu ilipitia kwa Schiff. Machi 1906 Mfalme wa Japani alimwalika chakula cha mchana Ikulu. Binti wa Takahashi, Wakiko, alirudi naye New York akakaa nyumbani kwake kama miaka mitatu, anasoma. Napenda sana sehemu hii ya kisa. Kwenye vitabu vya diplomasia hukuti msichana wa Kijapani anayejifunza Kiingereza kwenye meza ya Myahudi wa Frankfurt katikati ya New York, na pengine yule binti ndiye uhusiano wa kweli pekee uliozaliwa na mkopo ule.

Sasa hadithi ikisimuliwa nusu, inakuwa hivi: tajiri wa Kiyahudi aliikasirikia Urusi, akaipa Japani pesa, Urusi ikaanguka. Tamu. Nusu ya pili ndiyo isiyoletwa kwenye semina. Wakati huohuo, hatifungani za Urusi zilikuwa zinauzwa Berlin na benki ya Mendelssohn, iliyoanzishwa na mtoto wa mwanafalsafa mkubwa wa Kiyahudi, Moses Mendelssohn. Akina Rothschild wa London, ukoo wa Kiyahudi wa wenye mabenki ambao mtu wa kijiweni huwataja kwanza, kwenye ule mkopo wa Mei 1904 hawakuingia. Na Aprili 1906, Schiff akiwa anawasihi wenye mabenki wasiikopeshe Urusi, Urusi ilipata faranga bilioni 2.25, nyingi zikiwa akiba za Wafaransa. Kabla ya hapo haukuwahi kuwapo mkopo mkubwa kama ule. Kama palikuwa na mkono mmoja uliozishika pesa zote za Wayahudi na kuziamuru ziende wapi, mkono ule ulikuwa umepooza.

Na wale ambao Schiff alitaka kuwasaidia? Agosti 1905, wakati wa mazungumzo ya amani Marekani, yeye na wenzake walikutana na mjumbe wa Tsar, Sergei Witte, wakadai haki sawa kwa Wayahudi wa Urusi. Miezi miwili baadaye, huko Odessa, umati uliwaua Wayahudi zaidi ya 400 kwa siku chache. Haki sawa waliipata 1917, Tsar alipokwisha kupinduliwa.

Kuna tukio lingine la watu walewale linaloonyesha vizuri zaidi jamii iliyotawanyika inavyoweza kusukuma uhusiano wa nchi mbili. Urusi ilikuwa inakataa kuheshimu pasipoti za Wamarekani waliokuwa Wayahudi. Mfanyabiashara raia wa Marekani akifika mpakani anaulizwa dini yake. Kamati ya Wayahudi wa Marekani, iliyoundwa 1906, ilidai mkataba wa biashara wa 1832 kati ya nchi hizo uvunjwe. Rais Taft hakutaka. Waliposhindwa kumlainisha Ikulu, walikwenda kwa wananchi: mikutano ya hadhara, magazeti, barua kwa wabunge. Hoja yao haikuwa "tunateswa". Ilikuwa "pasipoti ya Marekani ni moja". Desemba 1911 Baraza la Wawakilishi likapiga kura 301 kwa 1. Mheshimiwa, hakuna benki inayonunua kura 301. Zilipatikana kwa sababu mbunge wa Kibaptisti kutoka kijijini aliona pasipoti yake mwenyewe inadharauliwa. Mkataba ukavunjwa. Wayahudi walioko Urusi hawakufaidika hata kidogo, maana Tsar hakulegeza sheria yoyote.

Mwaka huohuo wa 1911, Machi 25, kiwanda cha nguo cha Triangle kiliungua New York. Walikufa watu 146, wengi wao wasichana wa Kiyahudi na wa Kiitaliano, baadhi wakiruka kutoka ghorofa ya tisa kwa kuwa mlango ulikuwa umefungwa. Hao nao ni "Wayahudi wa Marekani". Walikuwa wengi kuliko akina Schiff mara maelfu, walishona blauzi siku sita kwa juma, na hakuna afisa aliyewahi kupanga kupitia kwao ili afike Washington.

Lakini ile nusu tamu ya hadithi ndiyo iliyobaki Japani. Askari wa Kijapani waliopelekwa Siberia baada ya mapinduzi ya Urusi walikutana huko na kitabu cha uzushi kilichotungwa Urusi, kinachodai kwamba Wayahudi wana njama ya kuitawala dunia. Mmoja wao, Yasue Norihiro, alikitafsiri kwa Kijapani 1924. Mzungu aliyekisoma kitabu kile alijifunza kuchukia. Yasue na wenzake walipiga hesabu nyingine, na ni hesabu ya afisa wetu wa semina neno kwa neno: kama watu hawa wana nguvu hivyo, na tunamkumbuka Schiff, basi tuwe nao upande wetu. Desemba 1938 mawaziri watano wa Japani waliamua kwamba Wayahudi wasifukuzwe, pamoja na mengine kwa sababu nchi ilihitaji mitaji ya nje na haikutaka kuiudhi Marekani.

Sitabeza uamuzi ule kwa matokeo yake yote. Shanghai, mji wa China uliokuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa Wajapani, ambako mtu aliweza kushuka melini bila viza, walinusurika wakimbizi wa Kiyahudi kama 20,000, wakati nchi tajiri zilikuwa zinawafungia milango. Ila mtaji uliongojwa kutoka Marekani haukuja. Rabi Stephen Wise, kiongozi mkubwa wa Wayahudi wa huko, hakutaka hata kusikia habari ya kuisaidia serikali iliyoshikana mkono na Hitler. Na Februari 1943, tumaini lilipokuwa limekwisha, wakimbizi walewale wa Shanghai waliamriwa wahamie katika eneo dogo la Hongkew, wasitoke bila kibali. Anayekukaribisha kwa ajili ya nguvu usiyokuwa nayo, siku akigundua huna, unaijua namna atakavyokutazama.

Hapa jirani tunaye wa kwetu. Mobutu, rais wa Zaire, ambayo sasa ni Kongo, alisimama Umoja wa Mataifa Oktoba 1973 akasema amelazimika kuchagua kati ya rafiki na ndugu, akavunja uhusiano na Israel. Mei 1982 akaurudisha, wa kwanza kufanya hivyo kati ya viongozi wa Kiafrika waliouvunja wakati ule. Mwezi huohuo alikuwa amechukia kwa sababu Bunge la Marekani lilimpunguzia misaada, na matumaini yake hayakuwa siri: Israel na marafiki zake Marekani wangemsemea kule. Alichopata Zaire kilikuwa cha kweli, sikatai. Waziri wa Ulinzi Ariel Sharon alifika Kinshasa Januari 1983, wakufunzi wa kijeshi wakaja. Lakini 1990, baada ya wanafunzi kuuawa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Bunge lilelile lilikata misaada ya moja kwa moja. Hakuna jamii ya Kiyahudi duniani ambayo ingeweza kumfichia Mobutu Lubumbashi, na sijui kwa nini alidhani wangetaka.

Turudi kwetu. Tanzania na Israel wana historia yao, na haikupitia New York. Jeshi la Kujenga Taifa lilipoanzishwa 1963, Waisraeli walikuwa miongoni mwa waliotusaidia kulipanga. Tukavunja uhusiano 1973, tukaurudisha 1995, ubalozi wetu Tel Aviv ukafunguliwa 2018. Kuna mahujaji wetu wanaokwenda Yerusalemu, na kuna vijana wanaokwenda kujifunza kilimo. Wawili kati ya hao vijana waliuawa katika shambulio la Oktoba 7, 2023, na nchi nzima ilizisubiri habari zao kwa uchungu. Kuhusu Gaza Watanzania wana misimamo yao, nami nina wangu, lakini barua hii si ya hilo. Ninachosema ni kwamba kila jambo kati ya nchi hizi mbili, zuri au chungu, linaweza kushughulikiwa kwa jina lake: kilimo, viza, mazishi, kura Umoja wa Mataifa. Hakuna hata moja linalohitaji dhana ya tajiri asiyeonekana.

Tena Myahudi wa Brooklyn si mjumbe wa Israel, kama Mhindi wa Tanga asivyo mjumbe wa New Delhi wala Mtanzania wa Houston asivyo mjumbe wako. Huko Marekani wenyewe wanabishana kuhusu Israel mpaka mezani pa sikukuu, na kwenye uchaguzi wa rais wengi wao kwa miaka mingi wamempigia mgombea wa Demokrati, hata pale waziri mkuu wa Israel alipoonekana wazi kumtaka yule mwingine.

Ndiyo maana kauli ya yule mzee ilinikaa. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 wawe wameondoka. Maneno yaliyotangulia amri ile hayakuwa ya matusi tu. Yalikuwa pia ya sifa: wana pesa, wanashikana, uchumi ni wao, wana wenyewe huko London. Kwa sababu "wana wenyewe", ilionekana hawatadhurika. Uingereza iliwapokea karibu 28,000. Mjomba wa huyu mzee, aliyekuwa na duka Masaka, alipitia Nairobi na sanduku moja akaenda Leicester, akafanya kazi ya kiwandani zamu ya usiku mpaka alipostaafu. Huyo ndiye "mwenye uchumi".

Ninachokuomba, Mheshimiwa, ni vitu vidogo vinavyowezekana. Chuo cha Diplomasia pale Kurasini kinawaandaa maafisa wako. Wasomeshe kisa cha Takahashi kwa ukamilifu, pamoja na ile bei ya pauni 93 na nusu, kwa maana ndani yake mna somo la kukopa kuliko hotuba nyingi nilizozisikia: alikwenda na takwimu za forodha mkononi, akajibu kila swali. Na taarifa yoyote ikiletwa mezani kwako imeandikwa "jumuiya ya Wayahudi ina ushawishi", mrudishie mwandishi na maswali matatu kwa kalamu nyekundu, kama nilivyokuwa nikifanya kwa kidato cha nne: nani hasa, katika jambo gani, na kwa kura au kwa pesa? Akishindwa kujibu, sentensi ile ifutwe. Mwisho, ikiwa kuna waraka wowote unaowaelekeza maafisa wa serikali namna ya kuzisema jamii za watu mbele ya hadhara, ufike na mikoani. Kama haupo, uandikwe.

Kabla ya kuituma barua hii nilikwenda dukani kwa yule mzee kumwomba ruhusa ya kumtaja. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa anampimia mteja misumari. Akakubali, kwa masharti mawili: nisiandike jina lake, na nisiandike duka lipo barabara ya ngapi. La jina nililielewa. Nikamuuliza, la barabara kwa nini, maana Tanga nzima inalijua duka lake? Hakunijibu. Akaongeza misumari miwili kwenye mizani, akafunga gazeti.

Wako katika kulijenga taifa,

Mwalimu mstaafu, Tanga